Kijiti cha Kupimia Fizi

Pale kliniki walimwita Mashine, naye jina hilo alilipenda. Miaka kumi na minane alikuwa akisafisha meno ya watu kwenye chumba kilekile chenye kiti kimoja, taa moja na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na hakuna mgonjwa aliyemchukua zaidi ya dakika kumi na tano. Daktari mwenye kliniki alimsifia mbele ya wageni. Kila chuo kilipotoa wataalamu wapya wa usafi wa kinywa, mmoja aliletwa kwake afundwe kazi.

Wa mwaka huu alikuwa binti mwembamba, mpole wa sauti na mbishi wa roho. Mashine alimchukia kabla ya saa nne asubuhi.

"Huko chuo wamekufundisha mengi, sawa," alimwambia Jumatatu hiyo. "Hapa kuna ushauri mmoja tu. Hicho kijiti kiache kwenye droo."

Kijiti chenyewe ni cha chuma, chembamba, kina alama za milimita. Hushushwa taratibu kati ya jino na fizi, mara sita kwa kila jino, na mpimaji hutaja namba kwa sauti ili mwenzake aandike. Mbili na tatu ni heri. Ikifika tano, fizi imeanza kuachana na jino, na huko chini kuna ukoga uliogeuka jiwe ambao mswaki hauufikii. Kupima kinywa kizima huchukua dakika ishirini.

"Lakini dada, bila kupima nitajuaje..."

"Hutajua, na hutaulizwa. Safisha panapoonekana, ng'arisha, mpe kioo ajione, mwingine aingie. Funika kombe mwanaharamu apite."

Binti aliitikia kwa kichwa, kisha akampima mgonjwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kufika Jumatano benchi la nje lilikuwa limejaa, na daktari alikuwa ameshachungulia mara mbili. Damu ya Mashine ikachemka. Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu yake alikuwa ameikata siku ya kwanza.

Alhamisi Mashine akaamua kumkomesha. Alimleta mama yake mzazi.

Mama alikuwa na miaka sitini na minane na meno yake yote, na mwanawe ndiye aliyemsafisha kila baada ya miezi sita tangu aanze kazi. Kwa Mashine, kinywa kile kilikuwa cheti kuliko vyeti vyote. Alitegesha saa ya simu, akaiweka juu ya kabati.

"Huyu ni mama yangu. Mdomo wake hauna kazi kubwa. Dakika kumi na tano, na nisikuone na kijiti."

"Shikamoo, bibi," binti akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Usimwogope huyu. Hata tumboni hakutulia, alitoka mwezi wa nane."

"Kuna jino linalokusumbua, bibi?"

"La huku nyuma linacheza. Nilimwambia huyu, akasema uzee."

Binti akavuta droo.

"Nimekwambia nini?" Mashine akasema.

"Mwache," mama akasema. "Mimi nina siku nzima." Akaegemea kiti, akafungua kinywa.

Mashine alichukua kadi na kalamu akiwa ameuma meno. Angeandika kila namba, halafu ampelekee daktari aone upuuzi huo kwa macho yake.

"Tatu, mbili, tatu," binti akaanza. "Mbili, mbili, tatu." Meno yote ya mbele yalikuwa hivyo. Mashine akaguna kwa dharau. Kijiti kikafika kwenye magego.

"Tano. Sita. Sita. Inatoka damu."

"Umebonyeza sana."

"Sijabonyeza, dada. Kimeshuka chenyewe." Binti hakuinua macho. "La pili yake, saba. Nane."

Mashine akamsukumia kadi, akatupa kalamu. Alivaa glavu, akamnyang'anya kijiti, akainama chini ya taa. Hakubonyeza. Aliziona alama zikizama moja baada ya nyingine ndani ya fizi ya mama yake. Saba. Akasogea upande wa ndani. Nane.

Hasira zilimpanda, akakiondoa kijiti kinywani. Alimkasirikia binti kwa kuwa sahihi. Alimkasirikia daktari, aliyempaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka yote hiyo kwa jina la Mashine. Kisha akabaki na mtu mmoja tu wa kumkasirikia. Uzee! Mwanamke anayepiga mswaki asubuhi na jioni, amelalamika mara tatu, na mtoto wake wa kumzaa anamwambia uzee.

"Yatapona?" aliuliza, kana kwamba yeye ndiye mwanafunzi.

"Hayo mawili ya nyuma yatang'olewa," binti akasema taratibu. "Mengine, tukianza leo, huenda."

Simu ikalia juu ya kabati. Mlango ukafunguliwa, daktari akaingiza kichwa.

"Mashine, kuna watu sita benchi."

"Wakae."

"Unasemaje?"

"Wakae. Humu tunang'arisha meno ya watu huku fizi zinaoza. Wewe unajua, na mimi nilijua. Kuanzia leo anayekaa kiti hiki atapimwa. Ukitaka kumfukuza huyu binti, anza na mimi."

Daktari alimtazama, akaitazama kadi mkononi mwa binti, akafunga mlango.

"Nilichokwambia Jumatatu kilikuwa ujinga," Mashine akamwambia binti. "Shika kalamu. Mimi nitataja, wewe andika."

Mama alikuwa amejiinua kitini, anajifuta mdomo. Alikinyooshea kidole kile kijiti.

"Hicho kidude ndiyo kwanza kimekuja mwaka huu?"

"Hapana, mama."

"Kilikuwepo?"

"Kilikuwepo siku zote. Kwenye droo."

Mama aliitazama droo iliyo wazi, hatua moja tu kutoka kwenye kiti. Akapapasa shavu lake.

"Na mimi nilikuwa nakuja kila miezi sita," akasema.