Wimbo Unaokaa Kwenye La

Kila siku ya kazi, saa moja asubuhi, Enoka mpishi alitoa gramafoni barazani kwa Bwana Miwani, mwenye shamba, akaelekeza pembe yake kwenye mibuni, akaizungusha mkono mara thelathini, kisha akashusha sindano. Ulikuwa mwaka 1937, msimu wa kuchuma, katika shamba moja la Mzungu upande wa Mbozi. Santuri ilikuwa moja tu, ikirudiwa kutwa nzima. Ilikuwa na muziki wa opera, yaani ule mchezo ambao Wazungu huuimba badala ya kuusema, ila katika kipande hiki waimbaji walikuwa wamenyamaza na vyombo vikaendelea vyenyewe.

Muziki ulipoanza, mikono ya wachumaji ilianza. Haikuwangoja wenyewe. Pembeni mwa santuri kulikuwa na kijiti cha mwendo: kikisukumwa mbele, vidole vya watu vilikwenda mbio, kikirudishwa nyuma, vilipoa. Bwana Miwani aliligundua jambo hilo wiki ya kwanza, na tangu siku hiyo kijiti hakikurudi nyuma. Watu walilizungumza kama wanavyozungumza ukungu wa mwezi wa sita. Kilichowaudhi ni kwamba mikono haikupewa mapumziko. Saa sita walikaa chini kula, lakini bwana naye alipenda kula huku akisikiliza, basi vidole vyao vilichuma ugali, vikachuma nyasi, vikachuma vifungo vya mashati.

Vya Nesta vilimchuma mtoto. Ruti alikuwa na miezi minne. Kila mama yake alipompakata anyonye, vidole vilimwendea masikioni na mashavuni, vikamsokota na kumvuta kama buni iliyoiva. Mtoto alijaa alama nyekundu. Mwisho alianza kulia akimwona tu mama yake anakuja, na hata jioni, gramafoni ilipokwisha kufunikwa, alikataa titi. Alikonda mpaka shingo ikashindwa kubeba kichwa.

Kefa, mume wa Nesta, alikuwa mwashi misheni, na katika bendi ya kanisa alipuliza tarumbeta kubwa. Siku moja alifika shambani saa sita, akasimama akasikiliza. Bendi ilikuwa imemfundisha kwamba wimbo wa furaha, hata ukizunguka vipi, hurudi kukaa kwenye noti ya do, na wa huzuni hukaa kwenye noti ya la. Huu ulikwenda kama wa harusi, na do yake ilikuwa juu mno, lakini kila ulipofika kituoni ulikaa kwenye la. Tena haukuwa na mahali pa kuvuta pumzi. Hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke ambaye angeupuliza hivyo akabaki hai. Kefa akauimba mwenyewe chini kwa chini, akaishusha do, akaupunguza mwendo kidogo kidogo, mpaka pumzi ikapata nafasi yake.

"Mama Ruti," alisema, "huu ni wimbo wa kuzikia."

Nesta alikuwa ameikalia mikono yake. "Basi watuzike," alisema, "au watuache."

Siku ya Alhamisi Bwana Miwani alikwenda Tunduma kupokea mzigo. Kefa alimwomba Enoka arudishe kijiti kwenye alama nyeupe, pale walipokiweka walioitengeneza gramafoni. Enoka aliogopa, maana kazi ile ndiyo iliyomlisha. Lakini binti yake naye alikuwa mibunini. Akakirudisha.

Do ilishuka, na mwendo ukashuka pamoja nayo. Vidole vilipungua, vikasimama. Kwa watu wa huko, msiba ukiwa haujazikwa hakuna anayegusa kazi ya shamba. Basi wachumaji arobaini walitoka mibunini, wakaweka vikapu, wakaketi chini, wanawake upande wao na wanaume wao. Kila mmoja alimlilia wa kwake. Kuna walioliliwa ambao walikwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka na hawakuwahi kupata matanga. Nesta alimnyonyesha Ruti titi la kwanza na la pili, mikono yake imetulia mgongoni mwa mtoto. Kefa aliwatazama, akaona uchungu kwamba kitu kidogo kama hicho kilibidi kiibwe.

Saa tisa Bwana Miwani alirudi, akauliza nani amekufa.

"Ni wimbo wako, bwana," Kefa alisema. "Ni wa msiba. Kwetu, kabla ya kuzika, kazi haiguswi."

Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta. Alisema ni kweli. Katika ule mchezo ni pale mama anapombeba mwanawe kwenda kumzika. Aliusikia kwao akiwa kijana, akalia mpaka jirani akampa kitambaa. Duniani hakuna muziki mzuri kuliko huo.

"Lakini ukipigwa hivi," alisema, "hamfanyi kazi."

Akasukuma kijiti mbele, akapita hata pale pa zamani, na akamwita fundi akikaze kwa skrubu. Laiti angekuwa hajui. Asiyejua huelezwa, na Kefa alikuwa amekuja na maelezo yake yote. Watu waliinuka kabla hawajafuta machozi, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshatangulia.

Enoka alifukuzwa siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili alikuja afisa mmoja wa serikali kukagua hali ya vibarua. Alikunywa chai barazani, akipigapiga kiatu chake sakafuni, akaandika kwamba wenyeji wanafanya kazi kwa moyo mkunjufu, kwa vile wanapenda muziki kwa asili yao. Alisifu pia mikate.

Tangu hapo Kefa alitoka misheni kila siku saa sita na kanga mkononi. Wazo halikuwa lake, siku ya kwanza ni Nesta aliyemwambia, "Nifunge, Baba Ruti." Aligeuka, akaweka mikono nyuma. Kefa aliifunga kwa kanga, akakaza fundo, kisha akamshikilia mtoto kwenye titi. Ruti alimtazama mama yake usoni, akaanza kunyonya. Ndani ya kanga vidole viliendelea kuchuma. Mtoto aliposhiba, Kefa alifungua fundo, na Nesta akarudi mibunini.