Swali la Nne

"Mama, hii ni saini ya mzee?" karani wa bima aliniuliza, akaigeuza karatasi inielekee.

Ilikuwa yake. Mume wangu ni seremala, na kalamu huibonyeza kana kwamba anapigilia msumari. Juu ya saini, daktari wa ugenini alikuwa ameandika kwamba mgonjwa mwenyewe amekiri kuwa na maumivu ya kifua kwa miaka mitatu.

"Haiwezekani," nilisema. "Nimelala naye miaka thelathini na moja. Huyu hata mafua hapati!"

Miaka imepita, lakini bado naisikia sauti yangu siku ile, na foleni nzima ikigeuka kunitazama. Nilikuwa nimekwenda kupigana. Madai yetu yalishakataliwa mara mbili, na mkwe wangu kule ng'ambo alikuwa ameuza gari lake kulipa hospitali iliyomwokoa baba mkwe wake. Tulikuwa tumekwenda kumwona mjukuu wetu wa kwanza. Siku ya tano mume wangu akaanguka sebuleni. Nashukuru Mungu mtoto nilikuwa nimempakata mimi.

Karani akatoa karatasi nyingine, nakala ya fomu yetu ya bima. Swali la nne: msafiri amewahi kuugua moyo, presha au kifua? Hapana. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nikakumbuka. Alikuwa barazani akipiga randa mguu wa stuli. "Jaza tu, mama watoto," alisema bila kuinua kichwa. "Mwalimu ni wewe." Nikajaza yote bila kumuuliza neno, mimi niliyekula chaki maisha yangu yote nikiwaambia watoto wasome swali kabla ya kujibu.

"Leta barua ya daktari wenu wa nyumbani," karani alisema kwa upole. "Ikionyesha hakuwa na ugonjwa, tutalifungua dai upya. Nakala hiyo nenda nayo."

Nilishika njia ya zahanati ya mtaani nikiwa sielewi mbele wala nyuma. Labda alidanganya ili ahudumiwe haraka, ujanja hakosi. Labda zilikuwa dawa, zilimvuruga akili. Au daktari aliandika habari za mgonjwa mwingine? Lakini saini? Usilolijua ni usiku wa giza, wahenga walisema. Mimi nilikuwa nimepotelea kwenye lile nililodhani nalijua.

Nilipotaja jina lake, muuguzi alitabasamu.

"Mzee wetu wa Jumanne! Anaendeleaje? Tumemkosa sana."

Jumanne ilikuwa siku yake ya kwenda kununua mbao.

Faili lilikuwa nene kama mkate. Kwenye jalada, mahali pa mtu wa kuarifiwa, palikuwa na jina langu, limekatwa kwa mstari. Chini yake, kwa kalamu iliyokaribia kutoboa karatasi: *Mke wangu asiambiwe. Hatalala.*

Nilikaa kwenye benchi na wagonjwa. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia, na sikujua nianze na lipi. Barua sikuiomba. Ingeandikwa nini?

Nyumbani nilimkuta dirishani, blanketi magotini, akipapasa ukingo wa meza kutafuta pasipo laini.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Leo Jumanne," nilimwambia. "Hukwenda kununua mbao?"

Mkono wake ukasimama. Alinitazama, macho yakamlowa.

Nikavuta stuli, nikatandaza ile nakala mezani. Mkobani nilikuwa na kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia. Niliikata ile "Hapana" kwa mstari mmoja.

"Swali la nne," nikasema. "Nakusikiliza."