Mzee Basili Ni Mzima

Kila Jumatano saa nane mchana Mzee Basili alishuka kutoka Kibosho kwenda mjini kuambiwa kwamba ana saratani ya ini. Aliambiwa na wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne, mmoja baada ya mwingine, katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, na kila alipoambiwa alishtuka upya. Saratani hakuwa nayo. Alikuwa na migomba, mibuni michache ambayo hajaing'oa, na kipaji ambacho parokia ilikuwa haijakitambua, kwa maana kwenye igizo la Krismasi walimpa kila mwaka nafasi ya mchungaji wa tatu, yule asiye na maneno.

Zoezi lile, mzee akiigiza mgonjwa, lilikuwa la Dokta Magreth, mwalimu wao, aliyechoka kuwasikia wanafunzi wakiwatangazia watu misiba kwa sauti ya wauza mitumba. Mwanzoni walimpa mzee jina la bandia, lakini kila alipoitwa kwa jina hilo aligeukia mlangoni aone ni nani anaingia. Basi wakakubaliana atumie jina lake mwenyewe. Kumbuka kwamba hao ndio wasomi.

Aliyelimudu zoezi kuliko wote alikuwa Gidioni, kijana wa Singida, mpole, mwenye madaftari safi.

"Mzee Basili," alisema Jumatano moja, akiwa ameinama kidogo kama walivyofundishwa, "majibu si mazuri. Ni saratani. Siku za kwanza utakataa, utasema wewe ni mzima. Ni kawaida. Familia yako ikuvumilie."

Mzee akadondosha chozi. Dokta Magreth akatoa alama ambazo hakuwahi kumpa mtu. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake, kwenye benchi la wanaosubiri kusafishwa vidonda, alikuwa amekaa Mama Victoria, ambaye kihamba chake, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kinapakana na cha Mzee Basili. Hakusubiri kidonda kisafishwe.

Jioni mzee alipofika nyumbani alikuta mtori wa ndizi na nyama umeiva na watu kumi na wanne wamekaa uani kimya. Akawaeleza kuwa lile ni zoezi tu, yeye ni mzima kabisa. Watu wakatazamana kwa huruma. Mama Victoria alikwisha kuwaambia kwamba atasema hivyohivyo, na kwamba daktari mwenyewe ameagiza wamvumilie. Wakamvumilia. Kadiri alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kumvumilia. Waliosita waliambiwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mwanawe mkubwa, Sirili, karani wa serikali katika mji wa Mkuu, akaomba ruhusa kazini akaja. "Baba," alisema, "mficha maradhi kifo humuumbua." Wazee wa ukoo wakapanga Jumamosi ya wiki iliyofuata waje, mzee agawe kihamba angali na akili zake. Na kihamba, mbele ya ukoo na pombe ya mbege, kikishagawiwa kimegawiwa. Hakuna kurudi kesho yake kusema nilikuwa naigiza. Mzee angebaki mgeni kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe.

Jumatano iliyofuata alianza kulia kabla hajaambiwa chochote. Wanafunzi wakaandika kwenye madaftari yao. Ilimchukua Dokta Magreth nusu saa kugundua kwamba mtu huyu haigizi, na nusu saa nyingine kumwelewa.

"Habari mbaya unajua kuzitoa," alimwambia Gidioni. "Nenda Jumamosi ukatoe nzuri. Wasipoamini, somo hili utalirudia."

Gidioni aliiona kazi nyepesi. Nani asiyependa kuambiwa baba yake ni mzima?

Jumamosi alifika, akaamkia shikamoo kuanzia benchi la kwanza mpaka la mwisho, akaitikiwa marahaba ya msibani. Mzee Basili alikaa katikati, amefunikwa blanketi juani. Baada ya siku kumi za mtori alikuwa amenenepa, na wenyewe walisema amevimba.

"Ndugu zangu," Gidioni alisema, "baba yetu haumwi. Siku ile tulikuwa tunajifunza. Ni mzima."

Wazee walisemezana kwa Kichagga, kisha mmoja akamshukuru kwa jinsi anavyojua kuzungumza. Sirili akamwomba wasogee nyuma ya zizi.

"Niambie mimi, daktari. Mimi ni mwanaume. Amebakiza muda gani?"

"Kaka, sijui. Sawa na mtu yeyote."

Sirili akatikisa kichwa, akarudi kwa wazee. "Hata daktari hajui," aliwaarifu.

Gidioni akajaribu tena. Aliongea taratibu, akawatazama machoni, akanyamaza pale walipofundishwa kunyamaza, na kila alichofanya kiliongeza majonzi. Mzee wa ukoo akaagiza kibuyu cha mbege kiletwe, waanze kugawa. Gidioni akaona aibu, kisha akaona hofu, maana alitambua kwamba yeye ndiye anayemnyang'anya mzee huyu nyumba yake, na anamnyang'anya kwa upole.

Hapo ndipo mke wa mzee alipoongea. Wote walimwita Mama Sirili, na tangu asubuhi hakuwa amesema neno.

"Daktari, siku ile unamwambia ana saratani, ulimgusa?"

"Hapana, mama. Lilikuwa zoezi."

"Na leo unasema mzima. Umemgusa?"

Hakuwa amemgusa. Mwaka wa nne huo. Akaomba maji, akanawa, akamlaza mzee kwenye benchi mbele ya ukoo mzima. Akamtazama macho na ulimi, akamgonga mgongo, akasikiliza kifua, akambonyeza tumbo pole pole chini ya mbavu, mahali ini linapojitokeza likiwa limeharibika. Hapakuwa na kitu ila mtori. Mzee alikuwa mwepesi wa kutekenyeka, akaanza kucheka, akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi.

"Huyu mzima," alisema mzee wa ukoo, akavaa kofia yake. Hakuna aliyebisha. Kihamba hakikugawiwa, lakini mbege ilikwisha kuiva, nayo haina kosa, wakaanza kuinywa.

Mama Sirili akamwita Gidioni jikoni anawe tena. Alipokwisha, alimpa kigoda, naye akakaa chake, akasukuma mlango.

"Na mimi ninacho," alisema, akafungua khanga upande wa kushoto.

Gidioni akagusa. Kivimbe kile cha titini kilikuwa kigumu, kama punje kubwa ya mahindi, kimeshikamana na nyama ya ndani. Akagusa kwapani, akakuta vingine viwili.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mibuni inachanua."

"Miezi yote hiyo. Kwa nini hukusema?"

"Kwanza ulikuwa msimu wa kuvuna kahawa. Halafu mzee akawa anakufa. Nyumba moja itauguzaje wawili?" Alimtazama. "Na usinisomee yale ya Jumatano. Mama Victoria ameyarudia mpaka watoto wanayajua. Niambie tu. Ndicho chenyewe?"

Gidioni alitafuta sentensi. Alikuwa nazo nyingi, zilizonyooka, na zote zilikuwa zimekwisha kutumika kwenye nyumba hii.

"Naogopa ndicho, mama. Jumatatu twende wote wakipime. Nitakuwa na wewe."

"Na mimi naogopa," alisema Mama Sirili, akafunga khanga yake. "Mzee asijue leo. Wiki nzima hakucheka."

Wakakaa hivyo kwenye vigoda vyao mpaka watu wa nje walipoanza kumwita daktari aje anywe.