Alama ya Ishirini na Tatu

Kwa miaka tisa Pindo hakushika tepu kumpima mdogo wake. Vipimo alivijua kwa kichwa: kutoka bega hadi kifundo cha mkono inchi ishirini na mbili na nusu, halafu kafu pana mwishoni mwa mkono, ya vifungo viwili, ya kubana, ili nguo isipande hata mtu akinyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati. Gauni, blauzi, hata nguo ya kulalia, zote mikono mirefu. Wateja walimwita Pindo kwa sababu pindo zake ungezitafuta uzi mpaka macho yaume usiuone. Mdogo wake waliyepishana naye miaka saba aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, na jina likamganda.

Jumanne mchana Kitinda aliingia kwenye chumba cha cherehani akiwa na kitambaa cha buluu kifuani, akikikumbatia kama mtoto.

"Dada, lile duka la miwani wamenichukua! Nakaa mbele, kaunta. Hiki ni cha sare, kila mtu anajishonea."

"Hongera, mdogo wangu! Lete nikione. Mh, hakichuji hiki. Blauzi ngapi?"

"Moja kwanza. Mikono mifupi."

Pindo alicheka. Akamtazama usoni, kicheko kikaishia njiani.

"Wamesema lazima iwe mifupi?"

"Hawajasema. Nimesema mimi."

"Na huo mkono?"

"Nachorwa tatuu. Dada Wino amenipangia Jumamosi tatu."

"Dada nani?"

"Wino. Mchoraji."

Pindo aliinamia cherehani, akatia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Kitinda alipokuwa na miaka kumi na tisa, mama yao hana hata mwaka kaburini, alikuwa akijikata. Pindo ndiye aliyegundua. Ndiye aliyefunga bandeji, akatandika godoro lake mlangoni ili mtu asipite bila kumkanyaga, akamshika mkono kumpeleka kwa mshauri wa zahanati kila Alhamisi, mwaka mmoja na nusu bila kukosa. Mlango wa mshauri ukifungwa, yeye alibaki kwenye benchi la nje akisikia sauti bila maneno, akimwonea wivu yule mama mshauri anayeambiwa. Lakini dawa ilikuwa mle ndani, na ilifanya kazi. Sasa ilikuwa miaka sita na ushei Kitinda hajajigusa. Shangazi hakujua, majirani hawakujua. Siri ilikuwa ya watu wawili tu, na Pindo aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mikono mirefu ilikuwa kazi ya mikono yake. Mdogo wake akitembea barabarani, alitembea ndani ya kitu alichokitengeneza yeye.

Na sasa kuna dada mwingine.

"Jumamosi nitakusindikiza," alisema.

"Si lazima, dada."

"Nimekuuliza kama ni lazima?"

Chumba cha Wino kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyombo vya plastiki. Kilinuka spiriti. Kuta nyeupe, taa ya shingo ndefu, kiti cha kulala kama cha daktari wa meno. Wino alikuwa rika la Pindo, nywele amezikata fupi, mikono yake yote miwili imejaa michoro mpaka huoni pa kuweka kidole.

"Karibu sana, dada mkubwa. Habari zako nimezisikia."

"Mimi zako sijazisikia."

"Basi tumepishana kidogo tu," alisema Wino, akamvutia kiti.

Wino alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuchora juu ya makovu, alipita kila kovu kwa kidole gumba, akilibonyeza taratibu na kuuliza umri wake. Kovu changa halishiki wino vizuri, na lisilofikisha miaka miwili hakuligusa hata ungemlilia. Kitinda alifungua vile vifungo viwili vya Pindo, akakunja mkono wa nguo, akaulaza mkono mezani. Hakuona haya. Mbele ya dada yake hakuwahi kuukunja hivyo mchana kweupe.

"Hii?"

"Ya wiki ile niliyofeli mtihani."

"Hii?"

"Siku mjomba alipouza kitanda cha mama."

Pindo aliinua kichwa. Kile kitanda aliambiwa kimeliwa na mchwa.

"Na hii ndogo?"

"Hii haikuwa na sababu. Nilikuwa nimechoka tu kujifanya mzima."

Wakaendelea hivyo, moja moja, kama watu wanaokagua shamba. Pindo alikaa na mkoba mapajani, roho ikimwuma kama jino. Zote hizo alizifunga yeye, kwa vidole vyake. Hakuuliza hata moja ilitoka wapi, akiogopa kwamba kuuliza ni kufungua upya. Sasa mwanamke wa juu ya duka la plastiki amebonyeza kwa kidole gumba tu, na mtoto anamwaga kila kitu.

"Ishirini na mbili, zote zimekomaa," alisema Wino. Alitandaza karatasi nyepesi juu ya mkono, akapiga alama kila palipo na kovu, kisha akachora mpasheni unaotambaa kutoka kifundo cha mkono hadi juu ya kiwiko: majani, maua, na vile vikamba vyembamba ambavyo mmea hujishikizia. Kila kovu likawa mshipa wa jani au kikonyo. Pindo aliangalia akitafuta pa kukosoa, hakupaona, na hilo likamkera zaidi.

"Kwenu kulikuwa na mpasheni, ameniambia, kwenye ukuta wa jikoni," alisema Wino.

"Kwetu, ndiyo. Nilikuwepo."

Wino alitoa nakala ya mchoro, akampa. "Chukua, fundi. Utaona mwenyewe mkono wa blauzi uishie wapi. Sindano yangu na yako ni ndugu."

"Yangu inashona," alisema Pindo. "Haichomi watu."

"Dada!" alisema Kitinda. Wino alicheka tu, na kile kicheko cha mtu asiyegombana kilimfuata Pindo mpaka nyumbani.

Nyumbani aliitandaza ile karatasi juu ya meza ya kukatia, akaibana kwa pini pembe nne, kama anavyobana kielelezo cha nguo. Akaanza kupita mstari kwa mstari. Na hapo, kidogo juu ya kiwiko, upande wa nje, aliona pengo. Majani mawili yalikutana na kuachia nafasi tupu ya upana wa kidole gumba. Fundi wa nguo akiona nafasi isiyo na maelezo kwenye kielelezo, anajua mkataji amekosea.

Alifumba macho, akahesabu kwa kichwa kuanzia kifundo cha mkono kwenda juu. Ishirini na tatu. Akarudia. Ishirini na tatu, na ya mwisho ni hiyohiyo ya juu ya kiwiko.

Furaha iliyomwingia haikuwa nzuri, naye alijua. Mjuzi ameruka moja! Kidole gumba chote kile, maswali yote yale, na ameruka! Kwa sababu hakuwepo. Aliyekuwepo ni nani?

Angeweza kupiga simu. Simu ilikuwa pale, kando ya kopo la vifungo. Hakupiga. Alimwacha Wino aende na kosa lake mpaka kwenye ngozi, ili Kitinda aone kwa macho yake ni nani anayeujua ule mkono. Kisha akachukua kitambaa cha buluu, akakata mikono mirefu, inchi ishirini na mbili na nusu, akatia kafu na vifungo viwili. Blauzi ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kushona. Mtoto akishaona pengo lake, atasema: basi dada, afadhali mirefu. Aliisikia kabisa ile sauti.

Jumamosi ya pili alipanda ngazi saa nane mchana, blauzi ikiwa mkobani. Mashine ya Wino ilikuwa ikivuma kama nyuki ndani ya kopo. Mistari yote ya mchoro ilikwisha kuingia mkononi, myeusi ya kung'aa, ngozi imevimba kidogo pembeni. Pengo lilikuwa palepale.

"Umeruka moja," alisema Pindo kabla hata ya salamu.

Wino alizima mashine. "Ipi, dada mkubwa?"

"Hiyo ya juu ya kiwiko. Ziko ishirini na tatu. Mimi ndiye niliyezifunga, mimi ndiye ninayezijua."

Wino alimtazama Kitinda kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa, na huko kutazamana kulimchoma Pindo kuliko jibu lolote.

"Dada," alisema Kitinda, "hiyo hukuifunga."

"Niliifunga! Nilizifunga zote."

"Hiyo uliipaka dawa ya meno."

Pindo alisogea, akauinamia mkono.

"Ukanipa sukari kiganjani ili nisilie," Kitinda aliendelea. "Ulikuwa unapiga pasi sketi yako ya shule, huku unaimba. Pasi ya mkaa. Ukageuka kwa madaha, mwimbaji wetu, na mimi nimesimama nyuma yako."

Ikamrudia yote kwa pamoja: harufu ya mkaa, ncha ya pasi, mtoto wa miaka mitano aliyeshangaa kwanza kabla ya kulia. Yeye mwenyewe alikuwa na kumi na miwili. Alilitazama lile kovu, laini, lenye umbo la ncha, lisilofanana na mengine hata kidogo. Kwa miaka tisa amelihesabu pamoja nayo. Ameliandika kwenye deni la mtoto, na lilikuwa lake.

"Mama alijua umeangukia sufuria," alisema kwa sauti ndogo.

"Mama alijua nilichomwambia. Ulisema ukichapwa utatoroka nyumbani. Nikaogopa utatoroka kweli."

"Na hukuwahi kusema? Hata kwa huyu mchoraji wako?"

"Hata kwake. Nimeanza kukutunzia siri zamani, dada. Wewe ulifuata."

Wino alikuwa akipangusa sindano yake, akijifanya hayupo. "Nilimwambia jani moja tu linatosha kuifunika," alisema bila kuinua macho. "Akakataa katakata. Eti hiyo si yake, hana haki ya kuifuta."

"Itaonekana," alisema Pindo.

"Ionekane. Wakiniuliza pale kaunta, nitasema dada yangu alijifunzia kupiga pasi kwangu."

Pindo alicheka, na cheko likamtoka na machozi. Alijipangusa kwa ncha ya khanga, kwa hasira, kwa sababu Wino alikuwa pale anaona.

"Mkobani kuna nini?" Kitinda aliuliza. "Umeukumbatia tangu uingie."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Pindo aliitoa blauzi, akaikunjua. Mikono mirefu ikaning'inia, na kafu zake, na vifungo vyake viwili viwili.

"Umeshona mirefu," alisema Kitinda.

"Nimeshona mirefu. Na hilo pengo nililiona tangu Jumamosi ile, nikanyamaza makusudi. Nilitaka akosee." Alimnyooshea Wino kiganja. "Nipe mkasi."

Wino alimsogezea mkasi wake. Pindo aliuangalia kama mtu aliyepewa kijiko akalime.

"Huu umekata karatasi. Nguo itatafunwa." Akatoa wa kwake mkobani, na chini ya mkasi, imejiviringa kama konokono, ile tepu. Alikuwa na kipimo cha kila mkono mrefu aliowahi kumshonea mdogo wake. Cha mkono mfupi hakuwa nacho.

Wino alikuwa ameushika tena ule mkono kwa chini, kuuzuia usiguse kiti.

"Niachie," alisema Pindo. "Nitaushika mimi."

Wino aliuachia. Pindo aliuweka kwenye kiganja chake, mbali na mistari mibichi, akashusha tepu kutoka begani juu ya ngozi tupu, taratibu, hadi vidole viwili juu ya alama ya pasi. Inchi tisa kasoro robo. Alitia chaki kwenye blauzi, akaacha inchi moja ya pindo, akatia mkasi. Kafu ilianguka sakafuni na vifungo vyake vikagonga mara mbili. Wino aliinama kuiokota.

"Iache hapo," alisema Pindo, akigeuza mkono wa pili. "Na usogee kidogo, dada. Unanizibia mwanga."

Wino akasogea.