Alama Kwenye Udongo Mwekundu

Nasinzia kwenye benchi la klabu yetu ya tenisi hapa mjini Novi Sad, taulo usoni, nikisubiri mvua ikatike ili mwanafunzi wangu Tijana acheze fainali yake ya kwanza, na matone yangali yakigonga bati najikuta nimesimama barabarani, na barabara yenyewe ni ya udongo mwekundu, ule wa viwanja vya tenisi, imechorwa mistari myeupe isiyo na mwisho. Natembea. Nina raketi mkononi, na bega langu la kulia, lililonistaafisha kabla sijachoka kucheza, haliumi hata kidogo. Napita Palermo, napita Budapest, napita Umag, na kila mji ni kioo cha mwenzake, hoteli, uwanja, stesheni, hoteli, uwanja, stesheni, kwa kuwa miaka yangu yote ya mashindano sikuona kingine, mtu akiniuliza Palermo kukoje namwambia kuna upepo upande wa kushoto. Jamani, niliipenda kazi ile. Nilipenda hata kufua soksi kwenye sinki za hoteli, maji yakitoka mekundu.

Barabara inajikunja, inakuwa uwanja, na uwanja naujua, ndipo nilipocheza mechi yangu ya mwisho. Juu ya kiti kirefu ameketi mwamuzi asiye na uso, chini ya kofia ni weupe mtupu. Kitendawili, anasema. Tega, namjibu, ingawa hamu ya mafumbo sina. Mpira waniandika, kiatu chanifuta. Hicho nacho kitendawili? Ni alama, namwambia, sisi wa viwanja vya udongo tunakua nayo, mpira ukidunda unaacha alama, ukibisha mwamuzi anashuka kuikagua, ukiifuta mwenyewe kwa kiatu umekubali kwamba pointi si yako. Basi itazame yako, anasema. Naitazama. Ni ya mpira wangu wa mwisho, ule walionikatalia wakasema umetoka, nayo imegusa mstari, haki ya Mungu imegusa. Niite nishuke, anasema, nami nitakupa pointi, mechi itaendelea, utakuwa kijana tena na bega lako zima. Na Tijana? Tijana yupi, anauliza, huyo hajazaliwa. Umati unaliimba jina langu, Ljubinka, Ljubinka, na mimi nalia waziwazi, kwa sababu nataka, nataka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini namwona Tijana anayebishana nami kwa kila neno, anayetafuna ncha ya taulo akiogopa, asiyekubali kuingia uwanjani mpaka nimtukane kwanza kwamba anacheza kama bibi anayefukuza kuku, na leo sijamtukana bado. Naiangalia alama yangu kwa mara ya mwisho. Ni nzuri mno. Naiburuzia kiatu mpaka inapotea.

Kocha, amka, kocha, mvua imekatika, wanatuita. Tijana ameinama juu yangu. Namwuliza, umezaliwa lini? Anacheka, anasema uzee huo umeanza, kocha, kisha anataja siku na mwaka, namwomba arudie, anarudia, nami namshika mkono kwa nguvu, kwa sababu nyuma yake umati unaimba jina, na sijui kama ni lake au ni langu.