Kumkata Mama Mdogo

Fundi sauti wa redio alifanyia kazi kwenye chumba cha nyuma, kati ya stoo na choo cha wanaume, akigeuza kanda za zamani kuwa faili. Programu zenye picha na vitufe vya rangi hakuzitaka. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na dirisha jeusi tu. Anaandika amri, anabonyeza kitufe, na faili inakatwa au kuunganishwa bila maswali mengi. Wenzake walisema anajitafutia tabu. Yeye alisema mashine ukiieleza vizuri inaelewa, tofauti na wao.

Jumatatu mkurugenzi alimletea sanduku la kanda za kipindi cha afya. Kituo kilikuwa kinajiandaa kumtukuza mtangazaji wake mkongwe, aliyeitwa Asali kwa utamu wa sauti yake, na kipindi chote kilitakiwa kiwe cha Asali peke yake.

"Huyo mama anayejibu maswali, mtoe," alisema mkurugenzi. "Alikuwa msaidizi tu."

"Huyo ni mama yangu mdogo."

"Basi vizuri, utamjua akiongea. Kazi itaenda haraka."

Mama mdogo ndiye aliyekuwa akiwajibu wasikilizaji, wiki nenda wiki rudi, na jina lake halikutajwa hata mara moja. Siku alipoachishwa kazi alikabidhi funguo na kitambulisho, akarudi nyumbani bila sauti. Daktari alimmulika koo akasema koo ni zima kabisa, sauti tu ndiyo haimo. Tangu hapo aliongea kwa mikono, na akikasirika alipiga sufuria kwa mwiko. Familia ilizoea.

Fundi alijifungia, akalia kidogo, kisha akaanza, maana akikataa, kazi angepewa mwingine asiye na huruma. Aliandika amri ya kukata kuanzia mama mdogo anapoanza kusema hadi anaponyamaza. Akabonyeza.

Jioni alimkuta mama mdogo mlangoni, mikono imetulia.

"Wasikilizaji wapenzi," alisema mama mdogo, "chemsheni maji."

Fundi alielewa kwamba anaombwa chai, akabandika birika.

Kumbe kila kipande kilichokatwa kilikwenda kwa mwenyewe. Mwanzoni mama mdogo alikuwa na maneno ya kipindi tu. Jirani aliyekuja na umbea wake wa kila siku aliambiwa, "Dalili hizo zikizidi, mwone daktari," akaondoka akijipapasa shavu.

Ila palikuwa na kasoro, na ilikuwa ya fundi mwenyewe. Kwa mazoea alikuwa amezibana faili ziwe ndogo, na mwisho wa kila kipande aliweka amri ya kufifisha sauti ili isikatike ghafla. Basi mama mdogo akawa anaongea kama mtu aliye ndani ya pipa, na kila sentensi ikamfia njiani. Hata ugomvi haukunoga.

"Mgonjwa apate hewa ya kutosha," alilalamika akionyesha koo, na neno la mwisho halikusikika.

Fundi alijipiga kofi kwenye paji la uso. Kwa bahati alikuwa amekata nakala tu. Akazirudia kanda moja moja, bila kubana, bila kufifisha, akakata kwenye faili kamili, na kanda nazo zikabaki kimya mahali hapo. Hakuacha kitu: kikohozi, pumzi, hata pale mama mdogo alipomwambia Asali kwamba ameikalia miwani yake. Sauti ikarudi nzito na safi, maneno ya kanda akawa anayapanga upya apendavyo, na umbea wa jirani ukapata mtu wa kuujibu.

Ikabaki kanda moja. Fundi akasita.

"Mama mdogo, nikiikata hii, redioni hakitabaki hata kikohozi chako. Hakuna atakayejua kwamba ulikuwepo."

"Kwani sasa hivi nani anajua? Kata, mwanangu. Nikae nayo mwenyewe."

Fundi akaikata, na safari hii hakulia.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Kipindi kilipigwa kwenye spika kubwa. Msikilizaji mmoja aliuliza afanye nini, mwanawe ana homa na hanyonyi. "Naam," alijibu Asali. "Ndiyo hivyo. Asante sana." Watu wakapiga makofi. Mwingine akauliza kuhusu jeraha lisilopona, naye akaambiwa naam. Makofi yakazidi, na mkurugenzi akafuta machozi.

Mama mdogo, safu ya tatu, alicheka. Kilikuwa kicheko cha kifua kizima, kikafika mpaka kwa waliosimama nje, na fundi aliyekaa pembeni yake alijisikia furaha hadi vidoleni. Asali aliinamia viatu vyake.

"Mama, tunaomba utulivu," alisema mkurugenzi kwenye kipaza sauti.

"Sitaki," alisema mama mdogo.

Fundi alikuwa amezisikiliza kanda zote, mwanzo hadi mwisho. Neno hilo halikuwemo hata kwenye moja.

Asali akakabidhiwa ngao yake, akapigwa picha, na mama mdogo akaendelea kuongea.