Glavu ya Yamna

Alhamisi moja, siku ya wanawake, muda mfupi kabla ya adhuhuri, Yamna alikuwa akimsugua Lalla Ghita katika chumba cha moto cha hamamu, bafu la umma la mtaa wa Washona Viatu. Mgongo ulikwisha, mikono ilikwisha. Akamgeuza, akaanza kifuani, na glavu ya kusugulia ikakwama kwenye titi la kushoto.

Yamna alivuta, glavu haikuja. Alichomoa mkono wake, na glavu ikabaki palepale, tupu, nyeusi, imelala bapa juu ya ngozi.

“Umenifanya nini, Yamna?”

“Mimi? Wewe una nini huko ndani? Miaka thelathini nasugua watu, haijawahi kugoma hata kwa mama mkwe wangu.”

Walijaribu sabuni nyeusi, wakajaribu mafuta ya zeituni, wakamwaga ndoo mbili za maji ya moto. Ghita alikuwa mshonaji wa kaftani na alikuwa na bibi harusi wa Jumamosi, kwa hiyo hakukaa kubishana. Alivaa jalaba lake juu ya glavu akatoka. Mlangoni Fatna, mwangalizi wa hamamu, alimzuia.

“Hiyo glavu ni ya hapa.”

“Basi ichukue.”

Fatna aliingiza mkono, akavuta mara mbili, akamwambia angalau aiangalie isichanike.

Nyumbani, mumewe Driss aliiona wakati wa kula.

“Nini hicho?”

“Glavu ya Yamna.”

“Na yeye atasugulia nini?”

“Anayo nyingine.”

Driss aliridhika, akarudi kwenye zeituni zake.

Jumatatu Ghita alikwenda zahanati. Nesi Siham alipenyeza vidole chini ya ukingo wa glavu, akabonyeza, akabonyeza tena.

“Kuna kitu hapa. Kigumu, kama punje ya dengu. Ulikuwa unajua?”

“Wapi! Hata hakiumi.”

“Ndiyo ujanja wake. Kingekuwa kinauma, mngekuja mbio.”

Sasa, zahanati ile ilikuwa na mashine ya kupiga picha matiti. Ilifika miaka mitatu nyuma, na bado ilikuwa ndani ya nailoni yake, imezungushiwa utepe mwekundu, ikimngoja gavana aje akate. Kila tarehe ilipopangwa, gavana alihamishwa, na mpya alitaka kwanza kuzoea hali ya hewa. Siham alikuwa ametandika kitambaa juu yake na kuweka birika la chai ya nanaa.

“Si uikate tu huo utepe?” Ghita alisema. “Mkasi ninao mkobani.”

“Lalla Ghita, huo mkasi si wa serikali.”

Basi Ghita akapanda basi la Fes, safari ya mwendo wa saa nne. Mama aliyekaa naye aliona kiti kinabana kwa sababu ya glavu, akauliza kama inasugua vizuri. Ghita akasema inasugua sana. Hospitalini mpiga picha alimwomba aivue. Ghita akamwambia ajaribu yeye. Alijaribu, kisha akapiga picha hivyo hivyo na kuandika chini yake: uvimbe mdogo mmoja, glavu moja.

Daktari aliposoma majibu alitamka neno saratani, na neno lilipomtoka tu, glavu ikaachia, ikaanguka sakafuni. Ghita alilia. Daktari alimwacha alie mpaka atosheke.

“Sikiliza, mama. Kungekuwa kubaya kama ungekuja mwakani. Hiki bado kidogo, tunakiondoa.”

Wakakiondoa, pamoja na kipande cha titi, kisha wakamchoma kwa mionzi wiki kadhaa. Nywele zake zilibaki, hamu ya chakula ikapotea na kurudi. Kabla ya Ramadhani alikuwa kwenye cherehani yake. Glavu aliifua, akaianika, akamrudishia mwenyewe.

Habari zikaenea. Wanawake ambao hawajawahi kutamka neno titi mbele ya nesi walijaa hamamu, maana kusuguliwa si aibu. Wa milimani walishuka na mikate yao na mayai ya kuchemsha. Mwaka ule glavu iliwakwamia wanawake kumi na mmoja. Sita hawakuwa na lolote la kutisha, na glavu iliwaachia siku ileile daktari aliposema hivyo. Wanne walikutwa mapema kama Ghita. Wa kumi na mmoja alikuwa Lalla Zhor.

Lalla Zhor alikuwa mke wa Haji Bushta, mwenyekiti wa kamati ya afya ya mji, mtu ambaye mikutanoni alisema “yale maradhi ya kina mama” huku akitazama dari. Glavu ilipomshika mkewe, alimwambia asitoke nayo nje, watu wasije wakasema. Zhor akaificha chini ya nguo tabaka tatu, miezi mitano. Mji mzima ulijua glavu iko wapi, maana hamamu haikuwa nayo.

Mwishowe Yamna alikwenda kubisha hodi.

“Nimefuata glavu yangu, Lalla Zhor.”

“Sina glavu ya mtu mimi.”

“Basi njoo nikukumbatie tu, niende zangu.”

Akamkumbatia, na glavu akaisikia, na chini yake akasikia kingine. Walisimama hivyo mlangoni muda mrefu. Kesho yake walipanda basi pamoja. Huko Fes daktari alisema dengu imeshakuwa limau, na limau limeshatoa mbegu mpaka ini.

Zhor alizikwa mwezi wa Shaabani. Katika chumba cha wanaume Haji Bushta alisema mkewe ameondoka na yale maradhi. Katika chumba cha wanawake walisema saratani ya titi, kwa sauti, mpaka vikombe vikatulia upande wa pili.

Baada ya arobaini kamati ilikaa. Ilitoa shukrani kwa glavu. Kisha iliamua kwamba, kwa kuwa mji umejaliwa glavu, suala la mashine halina tena haraka. Siham alisimama.

“Glavu moja, wanawake elfu ishirini. Na ikinasa kwa mmoja, wengine wote wanangoja. Hesabu hiyo ameipiga nani?”

Walimwambia hoja yake imepokelewa, wakampa chai.

Alhamisi iliyofuata binti wa marehemu, Ihsane, aliingia hamamu akiwa amevaa vazi la msiba. Alilivua, akalala chini bila salamu.

“Anza kifuani.”

Glavu ilipita kulia, ikapita kushoto, ikazunguka kwapani, ikatoka bila kusita. Wanawake waliokuwa wameacha kujimwagia maji wakaendelea.

“Umesalimika,” Yamna alisema. “Sasa lete mkono wako.”

“Wa nini?”

“Hii glavu ni moja, na mimi nazeeka. Vidole vitatu, hivi. Zungusha polepole, mpaka kwapani. Kila mwezi, ukimaliza siku zako.”

Ihsane alizungusha. Mara ya kwanza alikuwa na haraka, Yamna akamrudisha mwanzo.

“Na nikikuta kitu?”

“Basi la Fes linaondoka saa kumi na mbili asubuhi,” Yamna alisema. “Kaa upande wa kulia, kushoto jua linachoma.”